Namna ya kujifunza jeni zinazoamua seli iishi au ife: mwongozo kwa wanafunzi wa tiba na biolojia wa Bukavu

Mwanafunzi wa tiba au wa biolojia hapa Bukavu, anapofika kwenye somo la kifo cha seli kilichopangwa, hukutana kwa mara moja na majina mengi mno: BCL2, BAX, BAK, BIM, PUMA, TP53, MDM2, FAS, XIAP na mengineyo, yote yameandikwa kwa herufi na namba ndani ya maelezo ya Kifaransa, huku mishale ikielekea kila upande wa ukurasa. Wengi huyakariri, huyaandika siku ya mtihani, na ifikapo muhula unaofuata yamekwisha kuwatoka. Haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu majina hayo hayasemi lolote juu ya kazi ya jeni. BCL2 iliitwa hivyo kwa kuwa ilipatikana katika limfoma (saratani ya seli za kinga) ya seli B, na BAX ilipewa jina lake kwa kuwa protini yake ilikutwa imeshikamana na ile ya BCL2. Ukiyasoma majina hayo mara mia hutajua ni ipi inayoilinda seli na ni ipi inayoiua.

Njia ninayoieleza hapa ni ile ile waliyoipitia watafiti waliozigundua jeni hizo. Wao hawakuwa na mchoro wa kukariri. Walikuwa na maswali mawili: seli inapatwa na nini jeni moja ikiondolewa, na inapatwa na nini jeni mbili zikiondolewa kwa pamoja? Swali la kwanza hukuonyesha kazi ya jeni, na la pili hukuonyesha nafasi yake kwenye mfuatano. Anayezoea kuuliza hayo mawili anaweza kuuchora upya mfumo mzima kwenye karatasi tupu.

Jikusanyeni watu watatu au wanne. Tafuteni karatasi moja kubwa, kalamu za rangi mbili, konzi moja ya maharagwe mekundu, konzi ya maharagwe meupe na punje za mahindi, vitu ambavyo hakuna soko la mji huu, kuanzia Kadutu, linalovikosa. Umeme hauhitajiki wala intaneti, kwa hiyo kazi inaweza kuendelea hata mtaa mzima ukiwa gizani, mradi mna mshumaa au taa ya simu.

Kwanza ijue seli inayokufa

Kabla ya kuandika jina la jeni yoyote, eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi seli inavyoonekana inapokufa kwa mpango. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walizikusanya dalili hizo katika makala moja na kuiita hali hiyo apoptosisi. Seli hunywea. Kiini chake hukazana, kisha hukatika vipande. Utando wa nje hutoa malengelenge, na hatimaye seli hugawanyika kuwa vifuko vidogo vilivyofungwa, ambavyo humezwa na makrofaji, yaani seli za kinga zinazokula mabaki, au na seli jirani pasipo tishu kuvimba. Katika nekrosisi, kifo kisichopangwa, mambo huwa kinyume: seli huvimba, hupasuka, na yaliyomo ndani humwagika na kuwasha tishu zilizo karibu.

Tofauti hii ndiyo mizani utakayotumia mpaka mwisho, kwa hiyo usiipite haraka. Kila utakaposoma kwamba jeni fulani "inaua seli", jiulize ni dalili ipi kati ya hizo inayoletwa na protini yake. Kukatika kwa kiini, kwa mfano, hutokana na kimeng'enya kiitwacho CAD, ambacho muda wote seli ikiwa hai hufungwa na protini nyingine iitwayo ICAD; kimeng'enya kingine, kaspasi 3, kinapoikata ICAD, CAD huachiliwa na kuanza kuikata DNA. Kumezwa na makrofaji nako hutokana na fosfatidilserini, mafuta ya utando ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani, na ambayo seli inayokufa huyageuza nje ili itambuliwe.

Kumbuka pia ukubwa wa jambo lenyewe. Inakadiriwa kuwa katika mwili wa mtu mzima seli kati ya bilioni 50 na 70 hufa kila siku kwa njia hii, na wala hatuhisi chochote. Mtoto tumboni hupata vidole vilivyotengana kwa sababu seli zilizokuwa katikati ya vidole hivyo zilikufa kwa wakati wake. Kifo hiki ni sehemu ya ujenzi wa mwili na ya matunzo yake, na jeni zake ziko katika kila seli yenye kiini, hata ile yenye afya kamili.

Anza na mnyoo kabla ya binadamu

Kwa maoni yangu somo hili hufundishwa kuanzia mwisho wake. Mwanafunzi huonyeshwa kwanza mchoro wa binadamu, wenye jeni kadhaa za kila aina, na ile kanuni iliyomo ndani hufichika. Mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja hivi, ana kanuni hiyo hiyo kwa jeni nne tu. Katika mnyoo wa jinsi mbili, seli za mwili zinazozaliwa wakati wa ukuaji ni 1090, na 131 kati yake hufa; daima ni zile zile, kwa wakati ule ule. Zinabaki 959. Kwa kuwa hesabu hii haibadiliki, mtafiti akiharibu jeni moja na kukuta seli zimezidi au zimepungua, anajua mara moja kwamba ameigusa jeni ya kifo au ya uhai. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2002 kwa kazi iliyotokana na mnyoo huyu.

Sasa fanyeni zoezi hili bila kutazama jibu. Mmoja wenu asome matokeo, wengine wachore.

Jeni ced-3 ikiharibika, zile seli 131 hazifi. Jeni ced-4 ikiharibika, hazifi vilevile. Kwa hiyo zote mbili ni jeni za kifo, na kazi yao ya kawaida ni kuua. Jeni ced-9 ikiharibika, seli nyingi ambazo zilipaswa kuishi hufa, na viinitete huangamia. Basi ced-9 ni jeni ya uhai. Jeni egl-1 ikiharibika, seli hazifi, nayo basi ni ya upande wa kifo. Hapo swali la kwanza limejibiwa kwa jeni zote nne, lakini bado hamjui nani anatangulia nani.

Lijibuni swali la pili. Mnyoo aliyepoteza ced-9 hufa. Je, akipoteza ced-9 pamoja na ced-3? Anaishi, na seli zake hazifi. Maana yake ni kwamba ukosefu wa ced-9 hauna madhara ikiwa ced-3 haipo, kwa hiyo kazi yote ya ced-9 ilikuwa kuizuia njia inayopitia ced-3. Iandikeni ced-9 kabla ya ced-3, na kati yao mchore alama ya kizuizi, yaani mstari wenye kichwa bapa. Mnyoo aliyepoteza ced-9 na ced-4 naye huishi. Basi ced-4 pia iko baada ya ced-9. Na aliyepoteza egl-1 na ced-9 kwa pamoja? Seli zake hufa, kana kwamba egl-1 haikuguswa. Hii ina maana kwamba egl-1 hufanya kazi kwa kuizuia ced-9, na pasipo ced-9 haina la kufanya. Kati ya ced-4 na ced-3, mpangilio ulipatikana kwa njia nyingine: ced-4 ikizidishwa ndani ya seli huiua, lakini uwezo huo hupungua sana ikiwa ced-3 imeharibika, basi ced-4 inatangulia.

Mstari wenu sasa unasema hivi: egl-1 huizuia ced-9, ced-9 huizuia ced-4, na ced-4 huiamsha ced-3. Andikeni mstari huo juu kabisa ya karatasi kubwa, kwa herufi kubwa kiasi cha kuonekana kutoka mwisho wa meza. Kila kitakachofuata kitawekwa chini yake. Kikundi ambacho hakijaweza kuuandika chenyewe kutokana na matokeo kisiendelee mbele. Bora kitumie jioni nzima hapo, kwani mengine yote yamejengwa juu ya hatua hiyo moja.

Wahamishe wanne hao katika mwili wa binadamu

Chini ya ced-3 andika kaspasi, vimeng'enya vinavyozikata protini nyingine, hasa kaspasi 9 inayoanza na kaspasi 3 na 7 zinazotekeleza. Chini ya ced-4 andika APAF1. Chini ya ced-9 andika BCL2 na ndugu zake BCL-XL na MCL1. Chini ya egl-1 andika BIM, PUMA, NOXA, BID na BAD. Undugu huu una ushahidi mzito: mwaka 1992 jeni BCL2 ya binadamu iliwekwa ndani ya mnyoo, nayo ikazizuia baadhi ya seli zake kufa. Protini ya mtu ilielewana na seli za mnyoo licha ya mamia ya mamilioni ya miaka ya kutengana.

Hata hivyo binadamu ameongeza hatua moja ambayo mnyoo hana kwa namna hiyo, nayo ni ya mitokondria, vile vijisehemu vinavyoipatia seli nishati. BAX na BAK ni protini zinazoweza kuutoboa utando wa nje wa mitokondria. Ukitobolewa, protini iitwayo sitokromu c humwagika ndani ya seli, hushikamana na APAF1, na kwa pamoja huunda mtambo unaoiamsha kaspasi 9, ambayo nayo huiamsha kaspasi 3. Baada ya hapo ni vigumu sana seli kurudi nyuma.

Ni hapa ambapo maharagwe yanahitajika. Chora mitokondria moja kubwa katikati ya karatasi. Maharagwe mekundu ni walinzi, yaani BCL2, BCL-XL na MCL1. Meupe ni BAX na BAK. Punje za mahindi ni BIM na wenzake. Kanuni ni tatu: haragwe jekundu lililo huru hulishika haragwe jeupe moja na kulinyima kazi, punje ya mahindi hulikalia haragwe jekundu na kulifanya liachilie, na maharagwe meupe yaliyo huru yakikutana juu ya utando, tundu hufunguka. Weka mekundu sita na meupe matano, kisha ongeza punje moja moja. Utaona kwamba punje za kwanza hazileti badiliko lolote, na kwamba baadaye, kwa kuongeza punje chache tu, tundu linafunguka ghafla. Seli hai nazo hufanya hivyo: huvumilia mashaka kwa muda, kisha zikianza kufa hufa haraka. Mwanafunzi aliyeliona jambo hili kwa mikono yake hatauliza tena kwa nini dozi ndogo ya dawa haikuua seli hata kidogo.

Kisha fanyeni zoezi liwe gumu zaidi. Gaweni mahindi katika makundi, kwa kuwa punje hizi hazifanani. BIM na PUMA huweza kuwakalia walinzi wote. BAD huwakalia BCL2 na BCL-XL, lakini si MCL1. NOXA humkalia hasa MCL1. Seli inayotegemea MCL1 peke yake haitauawa na BAD hata BAD ikiwa nyingi, na ile inayotegemea BCL2 haitatikiswa sana na NOXA.

Yathibitisheni mliyoyaona kwa panya, kwa kutumia maswali yale yale mawili. Panya waliozaliwa bila BCL2 hupoteza limfositi (seli nyeupe za kinga), figo zao hujaa vifuko vya maji, na manyoya yao hugeuka mvi. Basi BCL2 ni ya uhai, hasa katika seli hizo. Wakiondolewa BCL2 pamoja na BIM, figo zao hupona. Huo ni mnyoo wa ced-9 na egl-1 amerudi kwa umbo jingine, ingawa hapa jambo lina sura tofauti kidogo: katika mnyoo kuondoa egl-1 hakukumponya aliyepoteza ced-9, ilhali panya aliponywa. Sababu ni kwamba panya ana walinzi wengine waliobaki, BCL-XL na MCL1, na BIM isipokuwepo hao wanatosha. Mjadilini tofauti hiyo mpaka kila mmoja aweze kuieleza kwa maharagwe. Panya wasio na BAX na BAK, nao, wengi hufa karibu na kuzaliwa, na wachache waliobaki hai walikutwa na ngozi katikati ya vidole.

TP53, na karanga zenye kuvu

TP53 iko kwenye kromosomu ya 17, na protini yake huitwa p53. Imeharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu, na hakuna jeni nyingine inayoharibika mara nyingi hivyo. Usiichore ndani ya mitokondria; mahali pake ni juu zaidi. DNA inapokatika, p53 huongezeka, nayo huziwasha jeni nyingine: p21, inayosimamisha mgawanyiko ili seli ipate muda wa kujitengeneza, au PUMA, NOXA na BAX, zinazoielekeza kufa. Panya walioondolewa PUMA walionyesha jinsi kiungo hicho kilivyo na nguvu, kwa kuwa limfositi zao changa za tezi ya thaimasi hazikufa ipasavyo zilipopigwa mionzi, karibu kama za panya wasio na p53 yenyewe.

Katika seli isiyo na shida, p53 huharibiwa kila mara na MDM2. Tumia maswali mawili. Kiinitete cha panya kisicho na MDM2 hufa mapema. Kisicho na MDM2 wala p53 hukua na kuzaliwa. Bila kusoma zaidi unaweza kuandika kwamba MDM2 huizuia p53, na kwamba kifo cha kile kiinitete cha kwanza kililetwa na p53 isiyo na mzuiaji. Ni mara ya tatu tunatumia hoja ile ile, na tumelipata jibu bila kukariri chochote.

Jeni hii inatuhusu huku Kivu kwa njia ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue kwa undani. Karanga na mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wa aina ya Aspergillus, na kuvu hao hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Aflatoksini B1 ikibadilishwa na ini hushikamana na DNA, na ina mahali inapopenda: kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja) ya 249 ya TP53, ambapo herufi G hugeuka T, na asidi amino ya ajinini hubadilishwa na serini. Mwaka 1991 badiliko hilo hilo lilikutwa mara nyingi katika saratani za ini za wagonjwa kutoka China na kusini mwa Afrika, sehemu zenye aflatoksini nyingi. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, akila chakula hicho kwa miaka, hatari yake huwa kubwa zaidi ya mtu mwenye kimojawapo tu. Kwa hiyo mama anayeanika karanga zake vizuri na kuzitupa zilizoota kuvu anailinda TP53 ya watoto wake, na mganga anayesisitiza chanjo ya homa ya ini anafanya kazi hiyo hiyo.

Virusi vya papiloma, HPV, vinaonyesha njia nyingine. Katika saratani ya shingo ya kizazi, jeni TP53 mara nyingi haijaharibika hata kidogo, bali protini ya virusi iitwayo E6 huiandama p53 na kuifanya iharibiwe mara tu inapotengenezwa. Basi usiandike katika daftari lako kwamba "saratani ni TP53 iliyoharibika" bila kuuliza kama protini yenyewe ipo.

Njia ya nje na vizuizi vya vizuizi

Njia ya pili ya kifo huanzia kwenye utando wa seli. Kipokezi FAS kikishikwa na protini inayokiamsha, huivuta protini FADD, nayo huikusanya kaspasi 8, ambayo huiamsha kaspasi 3 moja kwa moja, au huikata BID ili ipeleke ujumbe kwenye mitokondria. Chora mstari huu pembeni mwa karatasi na uiunganishe BID na punje za mahindi. Watoto waliozaliwa na FAS yenye kasoro huvimba tezi na wengu, kwa kuwa limfositi zilizomaliza kazi haziondoki. Hiyo inatosha kuikumbuka.

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni vizuizi vinavyozuia vizuizi. XIAP huizuia kaspasi. SMAC, inayotoka kwenye mitokondria pamoja na sitokromu c, huizuia XIAP. Je, SMAC ni ya uhai au ya kifo? Hesabu alama za kizuizi kati ya jeni na kifo cha seli: zikiwa shufwa, jeni ni ya upande wa kifo; zikiwa witiri, ni ya upande wa uhai. SMAC ina mbili. XIAP ina moja. MDM2, ukipitia p53 na BAX, ina moja; ukipitia p53 na PUMA ina tatu, nazo bado ni witiri. Jaribu pia egl-1 kwa hesabu hiyo, uone kama inakubaliana na mlichopata mwanzoni.

Kuhusu uandishi, jeni za binadamu huandikwa kwa herufi kubwa za mlalo, za panya huanza na herufi kubwa moja, za mnyoo kwa herufi ndogo zenye kistari, na protini kwa herufi zilizosimama. Ukiona Trp53 katika makala, ujue ni ya panya.

Zijaribu jeni hizo kwa limfoma mbili

Kipimo cha kweli cha kujua kwako ni ugonjwa. Chukueni limfoma mbili na mzieleze kwa karatasi yenu.

Ya kwanza ni limfoma ya folikuli, inayokua polepole kwa miaka. Ndani yake kipande cha kromosomu ya 18 chenye BCL2 kimehamia kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kingamwili, ambayo katika seli B hufanya kazi bila kupumzika. BCL2 hutengenezwa kupita kiasi. Wengi walidhani kwamba jeni ya saratani lazima iongeze kugawanyika, lakini mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams, katika mji wa Melbourne, walionyesha kwamba seli zilizopewa BCL2 na kunyimwa kichocheo chao hazikugawanyika. Zilikataa tu kufa. Ongeza maharagwe mekundu kumi kwenye karatasi, uone ni punje ngapi zitahitajika sasa.

Ya pili ni limfoma ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kwa watoto wa Uganda wenye uvimbe wa taya. Inahusiana na virusi vya Epstein-Barr na malaria kali ya mara kwa mara, na Burkitt mwenyewe aliona kuwa ilikuwa adimu kwenye nyanda za juu. Kwa hiyo daktari wa Bukavu atakayemwona mtoto wa namna hiyo na aulize kama ametoka sehemu za chini, kama vile bonde la Ruzizi au Shabunda. Hapa jeni iliyohama ni MYC, kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14. MYC huisukuma seli igawanyike kwa kasi, lakini pia huisogeza karibu na kifo. Ndiyo maana chini ya hadubini uvimbe huu huonekana kama anga lenye nyota: makrofaji meupe yametapakaa kati ya seli za saratani, yakiwa yamejaa mabaki ya seli zilizokufa. Uvimbe unakua haraka sana ilhali seli zake nyingi zinakufa. Ili MYC ishinde, kitu fulani lazima kidhoofishe kifo, na katika uvimbe mwingi wa Burkitt kitu hicho ni TP53 iliyoharibika au kasoro nyingine kwenye njia yake. Virusi vya Epstein-Barr navyo vina jeni yao iitwayo BHRF1, inayofanana na BCL2.

Sasa jiulizeni: ripoti ya maabara ikisema "BCL2 chanya", je, hiyo ni saratani? Sivyo. Limfositi T zenye afya na seli B zinazozunguka kitovu cha folikuli, yaani katikati ya vikundi vya duara vya seli B ndani ya tezi za limfu, huwa na BCL2. Zinazopaswa kutokuwa nayo ni seli B zilizo ndani ya kitovu, kwa sababu mahali hapo ndipo seli zisizofaa huchujwa kwa kufa. Ripoti husomwa kwa kuuliza ni seli ipi yenye BCL2, na iko wapi. Burkitt yenyewe, kwa kawaida, huwa na BCL2 hasi.

Zoezi la mwisho ni la dawa. Venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina fulani ya lukemia sugu ya limfositi, huingia kwenye bonde lile lile la BCL2 ambamo BIM hukaa. Ni punje ya mahindi iliyotengenezwa kiwandani. Mmoja wenu aiweke kwenye karatasi na kueleza mambo matatu. Kwa nini dawa hiyo inaweza kuziua seli zilizopoteza TP53? Kwa sababu huanzia chini ya p53, na haihitaji p53 iwashe PUMA. Kwa nini inaweza kushindwa seli ikiongeza MCL1? Kwa sababu haiikalii MCL1, na maharagwe meupe yaliyoachiliwa na BCL2 hushikwa tena na mlinzi mwingine. Na seli ikipoteza BAX na BAK zote mbili, ongezeni venetoklaksi kadiri mpendavyo: walinzi wote watakaliwa, na mitokondria itabaki nzima, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kuitoboa.